Besi Iliyopotea Ndani ya Simu za Mubi

Saa mbili asubuhi ukungu bado umelala juu ya barabara ya Mubi, mashariki mwa Kongo, na ndani ya chumba cha kusagia mihogo kuna ukungu mwingine, mweupe zaidi. Benita Umugwaneza amesimama katikati yake. Unga umemkaa kwenye nyusi na mikononi. Mashine inanguruma, sakafu inatetemeka kidogo, na yeye anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na jambo ambalo wengine hawajaambiwa.

Pikipiki inasimama mlangoni. Dereva wake, Eugène, hazimi hata injini.

"Dada Benita, ile Unga yako nilishaisikiliza tena," anasema kwa sauti ya kuishinda mashine. "Iko bugali bila sombe."

Wanawake waliopanga foleni na ndoo zao wanacheka; hapa ugali haushuki bila sombe, mboga ya majani ya mihogo. Mmoja anaongeza: "Afazali bugali. Mimi nilisikia maji inachemuka tu."

Benita anacheka pamoja nao. Halafu anageuka kumimina mihogo, na kicheko kinamwishia mdomoni.

Unga ni jina la albamu yake ya pili. Mwanamke huyu wa miaka thelathini na mmoja huwasagia watu mihogo siku sita kwa wiki, kwenye mashine ya mfanyabiashara kutoka Butembo. Jioni hupiga gitaa la besi. Nyuzi zake mbili ni za dukani. Mbili nyingine ni waya za breki ya baiskeli.

Albamu ya kwanza, Tucheze Kwanza, ilikuwa na maneno, na ilipigwa kwenye harusi hadi kijiji cha Ntoto. Hii ya pili ina nyimbo saba za jazi na fanki, karibu zote bila mwimbaji. Besi ndiyo inayosimulia. Ngoma, makofi na kinanda vinaifuata kwa mbali. Aliirekodi ghalani, kati ya magunia ya unga, kwa sababu magunia humeza mwangwi.

Alizaliwa Ngungu, kusini mwa Masisi, kwenye vilima ambako asubuhi mtu haoni mkono wake mwenyewe. Baba yake, mkulima Ndagijimana, alikuwa akitangulia shambani huku akiimba kwa sauti nzito.

"Nilikuwa mutoto, simuone hata mugongo," anasimulia Benita. "Mama akiita, sauti yake inapotea mu ukungu. Ya papa inatembea chini-chini, inanifikia mu miguu. Njo ile nilikuwa nafuata."

Vita vilipofika Ngungu, Benita alikimbilia huku Mubi, katika eneo la Walikale. Baba yake alibaki na shamba. Huu ni mwaka wa tatu hawajaonana. Barabara ikifunguliwa wiki hii, inafungwa ijayo.

Mubi muziki husikilizwa kwenye simu, na spika ya simu, ndogo kama kifungo cha shati, haiwezi kutoa sauti ya chini namna ile. Besi ilipotea yote. Watu walisikia makofi, kinanda kidogo, na kimya kirefu. Wakaanza kuzifuta nyimbo hizo ili wapate nafasi ya rumba.

Paul, mtangazaji wa redio, naye aliisikiliza kwa simu yake, kisha akatoa hukumu hewani. "Wapendwa wasikilizaji, tumealikwa kwa karamu," alisema, "lakini mwenye nyumba haiko."

Nje ya studio anazungumza kwa upole. "Mimi namupenda Benita. Nilimuambia: ile besi irudi nyuma, utie gitaa nyembamba na muimbaji. Akileta mbele ya mwisho wa mwezi, nitaipiga kila magaribi. Asipoleta, basi."

Hapa, redio ndiyo huuvusha wimbo msituni ukafika kwa watu wasiomjua aliyeupiga. Benita alijaribu. Lakini kila alipoweka gitaa jembamba mahali pa besi, anasema, alijiona kama amemtoa baba yake njiani na kumsimamisha mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata ule utani wa mashineni, Eugène alikuwa Ntoto, amepeleka abiria. Athanase, katekista wa huko, alimwomba kadi ya kumbukumbu ya simu yake, yenye nyimbo za ibada, maana mpiga kinanda hakufika. Eugène akaitoa, akisahau kwamba Unga bado ilikuwa humo, mbele ya nyimbo za kanisa.

Kadi iliingizwa kwenye redio iliyounganishwa na bafle mbili kubwa, zile spika za mbao zinazofika mtu mzima kifuani. Waumini walisimama kungoja wimbo wa kuingilia. Wimbo wa kwanza wa Unga ukaanza.

"Nilingoja muimbaji aanze," anasema Athanase. "Hakuanza. Nikasema labda ni mwanzo murefu. Ile sauti inapita mu benchi, inapanda mu magoti. Hapana muntu alikaa. Wimbo ikamalizika yote, tuko wima kama vile mwami, mufalme wetu, anapita."

Baada ya ibada, Mama Dancille, muuza ndizi, alimfuata katekista akiwa na mjukuu wake aliyesinzia mgongoni. "Ule muntu anaimbia mu tumbo," aliuliza, "ni wa wapi?"

Si wote waliofurahi. Mzee mmoja alinung'unika kwamba sala imecheleweshwa na kitu kisicho na hata jina la Mungu ndani.

Eugène alirudi Mubi kesho yake, akaenda moja kwa moja kwenye mashine. "Dada, nilikuchekea bure," alimwambia. "Simu njo ilikuwa inakula sombe yako."

Sasa mwezi unaisha. Athanase amemwita Benita aende Ntoto apige mwenyewe, ila baada ya ibada, si kabla. Mwenye mashine amempa ruhusa. Kutoka Ntoto anataka kupita kijiji kwa kijiji, popote palipo na bafle, akielekea upande wa Masisi, aliko baba yake, kadiri njia itakavyoruhusu. Anajua redio haitazipiga nyimbo zake. Anajua pia kwamba Mubi wengi wataendelea kusema albamu ni tupu.

Jibu la mtangazaji amempa Eugène alipeleke kwa mdomo. Analisema polepole, halafu anamtaka alirudie ili asilikosee.

"Umuambie Papa Paul, gitaa nyembamba sitatia. Albamu ilishaisha vile iko. Mwenye hana bafle, akaribie mwenye iko nayo."