Nilivyokwenda Bumbire Kumrudisha Koku

Nilifunga safari kwa sababu moja: kumrudisha binti yangu Koku nyumbani. Ameolewa na mvuvi kutoka Ukerewe, anaitwa Majura, na wanaishi kambi ya wavuvi kisiwani Bumbire, wilaya ya Muleba. Kwetu Bukoba mtu asiye na kibanja cha migomba na kahawa tunamwona mpita njia. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini kibanja changu cha Ijuganyondo nimekipata kwa jasho langu, na huko Kagondo nilishamtengea Koku kiwanja. Kwenye simu alikuwa ananijibu "tutaona, Tata," ndivyo kwetu tunavyomwita baba. Nikaona niende mwenyewe.

Alfajiri nilitoka na mkungu wa ndizi, maana ugali mimi siuhesabu kama chakula. Nilipanda gari mpaka Muleba mjini, kisha pikipiki mpaka mwaloni, bandari ya wavuvi. Kwenye boti nilikaa katikati ya wanawake wachuuzi wa dagaa. Mmoja akauliza, "Mzee, wewe unapeleka ndizi au ndizi zinakupeleka?"

"Napeleka chakula," nikamwambia. "Samaki ni mboga."

Walicheka mpaka boti ikatia nanga.

Mchana nilimkuta Koku ufukweni akigeuza dagaa walioanikwa mchangani. Alipiga goti akaniamkia. Majura alitoka ndani, macho mekundu kwa kazi ya usiku, akanipokea mkungu kwa mikono miwili. Sikungoja maji ya kunawa. Nikaanza: kiwanja kipo, bati zipo, hapa mnaishi kama watu wanaosubiri gari.

Sijamaliza, wingu likatanda upande wa ziwa. Kambi nzima ikakimbia. Koku akawapita dagaa wake mwenyewe, akaenda kufunika wa jirani aliyejifungua juzi.

"Wako wanaloa!" nikampigia kelele.

"Tata, shika pembe ile ya turubai."

Nikashika. Mvua ikanipiga mgongoni. Kwa jirani tuliwahi. Dagaa wa Koku walilowa wote, na dagaa wakilowa hivyo huishia kuwa chakula cha kuku. Nilikasirika, nikamwambia huo ni ujinga.

Hakupandisha sauti. "Mwaka jana mimba iliniharibikia, Tata. Nililala ndani wiki kadhaa. Huyo jirani ndiye aliyekuwa akianika dagaa wangu kabla ya wake. Hapa ndivyo tunavyofanya, asiyeweza kutoka anatangulia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesikiliza? Ungesema nirudi."

Nilifungua mdomo kumjibu, na jibu lililokuwa mdomoni lilikuwa hilohilo. Nikaufunga. Si kazi rahisi kwa mtu kama mimi.

Jioni Majura alipika ndizi zangu kwa samaki, akazipika vibaya, nikala. Ugali nao ulikuwepo, nikamega. Koku aliongea, nami nikanyamaza mpaka mwisho. Alinieleza maumivu yake, na jinsi Majura alivyoacha kwenda ziwani ili amuuguze. Kila nilipotaka kumkatiza nilimega tonge jingine. Nilishiba sana siku ile.

Asubuhi majirani walikuja bila kuitwa, wakakaa na Koku kuchambua dagaa waliolowa, kuona kama wapo wa kuokoa. Nami nikakaa nao. Suala la kufunga mizigo sikuligusa tena. Nilipopanda boti, Koku alisema, "Safari njema, Tata. Uje tena na Mama."

Nikasema tutakuja.

Nilichojifunza si kikubwa. Nimejenga, nimelima, nimesomesha watoto, nikadhani masikio yangu nayo yanafanya kazi. Kumbe mtu aweza kuzeeka akiwa anasubiri tu zamu yake ya kusema.

Niliporudi Ijuganyondo, jirani yangu Rweyemamu alikuwa ananisubiri njiani, maana nilishamtangazia kwamba narudi na binti.

"Yuko wapi?"

"Yuko kwake."

Akacheka. "Kwa hiyo wamekushinda wavuvi, mzee mzima."

"Wamenishinda," nikamwambia. "Keti nikusimulie."