Mjeledi wa Kuposea

Kuna watu ukiwapa kipande cha ngozi watashona kiatu. Wengine watamfungia mbwa. Floribert ukimpa kipande cha ngozi, basi umempoteza, humwoni tena mpaka kitoke mjeledi! Muulize yeyote aliyekaa kambi ya reli hapo Élisabethville, miaka ile kabla ya vita ya pili ya Wazungu. Mwanaume mzima, ana kazi, ana mshahara, ana kaputula ya kupigwa pasi, na akitoka kazini hakimbilii pombe wala ngoma. Anakimbilia beseni lake la ngozi zilizolowekwa.

Kazi yake ilikuwa kushona mikanda ya mashine katika karakana ya reli. Vipande vilivyobaki hakuna aliyevitaka, yeye akavibeba nyumbani kama vitumbua. Kusuka alifundishwa na Chomba, mchunga ng'ombe wa bucha moja njia ya Kinsevere. Unachukua kipande cha ngozi cha ukubwa wa sahani, unakikata kwa kukizungusha, kama unavyomenya chungwa bila kukatiza ganda, mpaka utoke ukanda mmoja mrefu wa kukushangaza. Unaunyoosha, unauchonga kingo, unausuka na wenzake, unene kwenye mpini, wembamba kwenda mwisho. Unapaka mafuta ya ng'ombe. Nchani kabisa unafunga uzi mdogo wa katani, na huo uzi ndio wenye sauti.

Ah, sauti yenyewe! Jumapili Floribert alitoka hadi uwanja mtupu nyuma ya kambi, akainua mkono, akaurusha. Paa! Na mlima wa mabaki ya shaba kule ng'ambo ukamjibu, paa! Akacheka peke yake kama aliyeokota kitu. Ng'ombe hakuwa naye, punda hakuwa naye.

"We, Floribert, unafuga nini?" majirani walimchokoza.

"Mi nafuga upepo," akajibu, na akarusha tena.

Ndivyo alivyompata Victorine. Alikuwa akipita na kapu la matembele, mlio ukamkuta, kapu likaenda huko na majani yakaenda kule. Floribert akaja mbio kuomba radhi. Msichana akamtazama, akautazama mjeledi, akasema neno moja tu: "Rudilia!" Akarudia. Siku hiyo alirudia mpaka bega likamuuma, na moyo wake, nakuambia kweli, ulikuwa umeshakwenda na lile kapu.

Mambo yakafika pa kuposa. Victorine akamwonya mapema.

"Tata yangu anapenda kazi ya mikono. Usimuletee kitu ya kuuza mu magazini. Leta kitu umetengeneza we mwenyewe."

Yeye alifikiria mkanda wa suruali, maana Floribert alishona mikanda mizuri pia. Lakini hakusema mkanda. Na Floribert, kichwa chake kile, aliuliza? Hakuuliza! Alirudi nyumbani akiruka, akachagua ngozi laini kuliko zote, akasuka mjeledi ambao mfano wake hajausuka tena maishani, nyuzi kumi na mbili, mpini una madoa kama mgongo wa nyoka. Jambo moja hakulijua, kwa sababu katika nyumba ile halikusemwa: mzee Léonard, baba yake Victorine, hakuvua shati mbele ya mtu.

Kwa watu wao, waliotoka kule Mitwaba, mwanaume akienda kuposa mara ya kwanza hafungui mdomo. Mjomba wake ndiye anayesema. Zawadi hufungwa kitambaa, na baba wa msichana huifungua kwa mkono wake. Basi akaenda Floribert na mjomba Godefroid na mke wa mjomba, mama Agnès. Akaketi, macho chini, mdomo kimya, na furaha imemjaa hadi magoti yanacheza. Godefroid akasema maneno yake mazuri. Mzee Léonard akatabasamu, akavuta kitambaa.

Tabasamu likakauka. Mzee aliuacha mjeledi kitini. Alisimama, akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akageuka. Yawe! Mgongo wake wote ulikuwa makovu, juu ya makovu makovu mengine.

"Hii kitu naijua," alisema akiwa amewapa mgongo. "Kule Kambove, mu mugodi, nilikuwa kijana. Banilalisha chini mbele ya bantu bote juu nilichelewa kazi. Bakanipiga fimbo, fimbo ya ngozi kama hii, mpaka nikasahau jina yangu. Na leo mi nitoe mutoto yangu mu nyumba ya fimbo?"

"Tata, hapana!" Floribert akaruka juu. "Hii haipigake muntu! Inapiga upepo tu!"

Mama yangu! Mposaji kafungua mdomo! Godefroid akamvuta shati, mama Agnès akajishika kichwa, na mzee akawaonyesha mlango. Wakatoka karibu wakimbie. Victorine alikuwa amesimama jikoni na sufuria ya ugali wa bukari mkononi, machozi yanamtoka, na Floribert alipopita alitaka ardhi ifunguke immeze palepale. Aibu ilimchoma, lakini uliomchoma zaidi ni ule mgongo. Kazi yake yote ya Jumapili, furaha yake yote, mzee ameiona na ameona fimbo.

Njiani Godefroid akasimama ghafla.

"Zawadi iko wapi?"

"Imebakia kule, mjomba."

Yule mjomba mnene akapiga makofi katikati ya barabara. "Basi nyamaza kulia, mupumbavu we! Posa haijafa!"

Akamweleza. Baba akikataa, lazima airudishe zawadi kwa mposaji, mkono kwa mkono. Ikifika mkononi mwako, maneno yamekufa, nenda katafute kwingine. Isipofika, maneno yako hai.

Oo, siku zile! Floribert aliyekuwa hawezi kupita ngozi bila kuigusa, hakusuka kitu. Kila aliyepita na furushi alimtia baridi. Mlango ukigongwa, anaficha mikono kabla ya kuitikia. Fundi mkuu akimpa nyundo anamwangalia kwanza ni nani. Wenzake karakanani wakacheka mpaka wakachoka, lakini jioni nao waliuliza kwa siri: imerudi? Haijarudi. Mzee Léonard hakutaka kuugusa mjeledi ule hata kwa kidole, umelala kwenye kiti kilekile, na hakuna mtu nyumbani anayekikalia.

Kisha Jumapili moja, watu wakitoka misa, kelele za watoto zikatangulia barabarani: anakuja! Na kweli, mzee Léonard huyo, shati limefungwa hadi shingoni, mjeledi ameuning'iniza mbali na mwili wake kama panya aliyekufa. Nyuma yake nusu ya kambi. Floribert alikuwa uani kwa mjomba wake anakunywa munkoyo. Kikombe kikamponyoka.

"Ficha mikono!" mama Agnès akapiga kelele.

Akaikunja nyuma. Mzee akaingia uani.

"Kamata kitu yako."

"Sikamate, Tata."

"Kamata!"

"Samahani, Tata, sikamate."

Mzee akapiga hatua moja mbele, Floribert akapiga moja nyuma. Wakauzunguka mti wa mpapai, wakaizunguka kamba ya nguo, mzee amenyoosha mkono, kijana mikono mgongoni kama mfungwa, na bamama wanacheka hadi wanashikana mabega. Lakini Floribert hakucheka. Alijua kwamba mkono wake ukiteleza tu, Victorine ameondoka.

Mzee akachoka, na uchovu ukawa hasira. "Basi nitaitupa!" Akainua mkono juu ya kichwa, akaurusha kwa nguvu zake zote, ila vidole vyake havikuachia.

Paa!

Mlima ukajibu, paa. Mzee Léonard alikuwa ameinama, mabega yamepanda hadi masikioni, amefumba macho. Akayafumbua polepole. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Nani amelia?"

"Hakuna muntu, Tata," akasema Floribert.

"Nimepiga nani?"

"Hakuna. Upepo."

Mzee akautazama mjeledi mkononi mwake. Akautazama muda mrefu. Kisha akaurusha tena. Haukulia, ulimzunguka mguu kama mlenda. Akaukwamua, akarusha tena. Wapi!

Floribert akasogea mbele. Alisahau kuposa, alisahau kuogopa, alichoona ni mkono unaokosea kidogo tu! "Si nguvu, Tata! Acha upande juu, uende mbali, na mbele ya kufika unaurudisha! Kiwiko, Tata, kiwiko!" Anaelekeza kwa kidevu, anaelekeza kwa bega, anarukaruka kama kuku aliyefungwa miguu.

"Sisikie maneno ya mdomo," mzee akasema, akamsogezea mpini. "Shika, nionyeshe."

Na yule mpumbavu akautoa mkono! Ulikuwa umeshatoka, vidole vimefunguka, mpini uko karibu kuugusa.

"FLORIBERT!" mama Agnès, mjomba na kambi nzima.

Mikono ikarukia kwapani, ikabanwa huko. Mzee Léonard akamtazama. Mdomo ukamchezacheza upande mmoja, halafu akacheka, cheko la mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Godefroid hakujua kama mzee aliuweka ule mtego kwa makusudi, na mpaka leo hakuna anayejua.

"Kiwiko, umesema?"

"Kiwiko, Tata."

Mzee akafungua kifungo cha juu cha shati, ili mkono upate nafasi. Akainua. Paa! Akainua tena. Paa! Watu wakashangilia, mzee uso umelowa na hakuupangusa, anarusha tu, na kila mlio ukilia anageuka kutazama kama kuna aliyeumia, na hakuna, na anarusha tena.

Alipohema vya kutosha, aliukunja mjeledi vizuri, akautia kwapani mwake. Aliwaaga kina mama. Akatoka getini.

Floribert alisimama palepale, mikono bado imebanwa, anasikiliza. Barabarani, paa. Mbele kidogo, karibu na kona, paa. Kisha mbali kabisa, kwenye barabara inayofika nyumbani kwa Victorine, paa.

"Toa mikono, mutoto yangu," mama Agnès akamwambia taratibu. "Ameenda nayo."