Kengele iliyonipigisha magoti

Mungoje nimalize njo muanze kucheka. Tangu indépendance, uhuru wetu, ifike, mie, mutoto wa Kalunguta niliyelelewa na bapadri, nilijifanya mukubwa wa ba laïque, bale ba kutoa dini ku shule, pa masomo yetu ya Butembo. Juma iliyopita tulibishana mbele ya banafunzi bote: sala ya asubui ibaki ku masomo ao itoke? Kisha kula tungepiga kura.

Upande wa dini alisema Ramazani, Mwislamu, mutoto wa mwenye camion ya mizigo kule Beni. Alisema polepole, akaikala. Mie nikapanda juu ya benchi.

"Sala ni ya nyumbani! Mutu wa uhuru hapigi magoti mbele ya bantu!"

Makofi! Kichwa ikanivimba. Pale pale kengele ikalia.

Kwetu kengele ya midi, saa sita ya muchana, ni ya sala ya Malaika wa Bwana, na tangu utoto mwili yangu haiulizake kitu. Nikashuka, nikapiga magoti, nikafumba macho, na sauti ile ile ya hotuba: "Malaika wa Bwana alimupasha habari Maria!"

Nikangojea bajibu. Nikarudilia kwa nguvu zaidi.

Nikafungua macho. Lakini midi ilikuwa haiyafika: mupishi njo alipiga kengele, ya maharagwe. Mabenchi matupu. Bote, hata baseminari banaosomea upadri, bako ku dirisha na sahani mukononi, bananiangalia. Ramazani peke yake alibaki karibu yangu, kichwa chini, kwa heshima.

"Maliza tu, ndugu yangu," akasema. "Nimeomba bakubakishie chakula. Kura, banasema haina tena lazima."