Kichupa cha Watoto Kumi

Nesi wa chanjo wa zahanati yetu tunamwita Mama Mdudu. Mtoto akitaka kulia humwambia, "Hebu ona mdudu ukutani!" Mtoto akigeuka, sindano imeshaingia. Sokoni watoto wakimwona hujificha nyuma ya mama zao, naye hucheka. "Wakinikimbilia kwa furaha, ujue sijafanya kazi."

Ni mnene, sauti yake nzito, na hana subira na mama anayemvua mtoto nguo polepole. Ni mjane wa siku nyingi. Wajukuu zake kawachanja mwenyewe, na anasema wawili kati yao hawajamsamehe mpaka leo.

Sasa, chanjo ya surua ina taratibu zake. Ni unga, unachanganywa na maji yake pale pale. Kichupa kimoja kinatosha watoto kumi, na kikishachanganywa hakilali. Kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo Mama Mdudu alikuwa hafungui mpaka tutimie. Tukipungua, tunarudi nyumbani tukinung'unika. Mwezi ule vichupa vilikuwa haba, na wakubwa wake walishamwonya kwamba akimwaga atajieleza.

Siku moja ya mvua tulikuwa watatu tu kwenye benchi. Mimi na binti yangu, fundi cherehani mmoja na mwanawe, na msichana wa kazi za ndani, mwanawe mgongoni, nguo ya kubebea imelowa chapachapa.

Mama Mdudu alichungulia mlangoni. "Ndiyo nyinyi tu? Jamani, rudini wiki ijayo."

Mimi nikaanza kumfunika binti yangu, maana kwetu si mbali. Yule msichana hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenisikia lakini?"

"Nimesikia. Ila wiki ijayo sitapata ruhusa. Hii ya leo nimeililia kwa bosi mpaka aibu. Na nyumba ya jirani watoto wana surua, mmoja kalazwa."

"Mtoto ana miezi mingapi?"

"Wa kumi na moja huu."

"Haya! Chanjo ni miezi tisa. Ulikuwa wapi siku zote?"

"Nilikuja, mama. Nilikuja mara mbili, mkaniambia hatujatimia."

Alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayejibu alichoulizwa. Mama Mdudu alimgusa mtoto paji la uso kwa mgongo wa vidole. Halafu akaenda kwenye friji.

"Na wakubwa je?" fundi akauliza.

"Wakubwa walishachanjwa."

Akachanganya dawa, akaanza na mtoto wa yule msichana, kisha wetu wawili. Vilio vikajaa chumba. Tukajua tumemaliza, kumbe!

"Mnaenda wapi? Kichupa kiko wazi. Niitieni wenzenu."

Fundi akashika njia ya juu, mimi nikaenda sokoni, binti yangu bado ana kwikwi. Muuza vitunguu alikuwa na mtoto wa umri ule ule.

"Mama Mdudu kafungua, shoga. Nenda!"

"Na meza nimwachie nani?"

"Mimi nipo."

Aliporudi akakuta nimeuza kwa bei ya hasara. "Wewe umechanja mtoto au umenichanja mimi?" Akanisema mpaka wateja wakaniombea msamaha.

Mpaka wanafunga tulifika watoto saba, pamoja na wale wetu watatu. Kilichobaki kilimwagwa. Yule msichana alikuwa ameshaondoka mvua ilipokatika, ameambiwa homa kidogo usiku isimtishe. Huwa namwona bombani. Surua ilipita mtaani kwao, mwanawe haikumpata. Sasa anatembea, anamwaga maji ya watu kwenye ndoo na kutukanwa.

Mama Mdudu aliitwa kwa wakubwa. Aliporudi tukamuuliza wamesemaje.

"Wamesema nisirudie."

Kliniki iliyofuata nilikwenda kumpima binti yangu uzito tu. Wa chanjo ya surua walikuwa wanne kwenye benchi, wanatazamana. Mama Mdudu akawatazama na yeye, akaingia ndani, nikasikia mlango wa friji. Sikungoja kutumwa. Nilimfunga binti yangu mgongoni, nikashika njia ya sokoni.