Wembe wa Mrisho na Nyuzi za Majini

"Usimpe Mrisho maji ya kunywa," aliniambia jirani yangu Mwanaamina tukipepeta mpunga. "Ataona dawa hata isipokuwemo."

Mrisho ni kinyozi wetu hapa Mbuchi. Tangu vita hivi vianze kule kwa Wamatumbi, Mdachi mmoja amekaa kivukoni na taa na kioo kinene, anatafuta ile dawa ya kugeuza risasi iwe maji. Shida yake ni kwamba dawa yenyewe nayo ni maji, haionekani. Basi maji ya kila mpitaji hudondoshwa kwenye bilauri ya maji safi mbele ya taa. Kioo kinaukusanya mwanga uwe nukta, na penye nukta Mrisho anaweka makali ya wembe kuuziba. Kitambaa cheupe kilichotundikwa nyuma kinaingia giza. Kukiwa na kitu majini, mwanga unapinda, unaukwepa wembe, unachora nyuzi nyeupe kitambaani.

Kazi ilitaka mkono usiotetemeka. Mrisho alivimba kichwa huyo! Ikawa tumwite Bwana Wembe.

Sasa, huku kwetu bamvua, yale maji makuu ya bahari, likijaa, chumvi hupanda mtoni. Kila kibuyu kikatoa nyuzi. "Dawa!" anapiga kelele Mdachi. Akafungwa bibi muuza vitumbua, akafungwa mwadhini na maji yake ya udhu. Juzi kafungwa Hilal, mume wangu, aliyekuwa akileta maji ya kumwogesha mtoto wetu, Waride. Kesho jioni wanapelekwa bomani, na hatujaona aliyerudi kutoka huko.

Leo Mrisho kaja uani kwangu, mnyonge. Vichwa vyote alivyokuwa akivinyoa viko kifungoni.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, Bwana Wembe. Umekuja kupima maji ya dafu?"

"Usinitanie. Asubuhi nimepitisha mkono wangu mbele ya kioo kwa bahati mbaya. Kule kitambaani ukafuka kama chungu cha ubwabwa! Ni joto tu, shemeji. Joto nalo linapinda mwanga."

"Ukamwambia Mdachi?"

"Nimwambie mkono wangu unafuka dawa? Na wake sithubutu kuushika."

Akamtazama Waride kifuani pangu, kile kichwa alichokinyoa mwenyewe siku ya akika.

"Niazime mwanao kesho. Nikiweke kichwa chake mbele ya taa kifuke, Mdachi aone. Akimfunga huyu, hata askari wake watamcheka. Asipomfunga, Hilal atamshikia nini?"

Nikamkumbatia mwanangu.

"Umnyonyeshe kwanza," akasema Mrisho, "aje na joto."