Nilivyoupaka Bluu Ukuta wa Mama

Juzi mteja mmoja alinitolea donge la udongo kwenye mkoba. Ninauza mapazia Kikuubo, kichochoro cha biashara hapa Kampala, katika duka lenye upana wa kitanda, na nimeshaletewa kila kitu cha kufananishia rangi: mto wa kochi, kipande cha kigae, hata ukucha uliopakwa. Lakini udongo ulikuwa mara ya kwanza. Mama huyo, wa ghorofa za Bugolobi, miwani juu ya nywele, aliniambia kwa sauti ya mtu anayemfundisha mjinga kwamba kile ni kipande cha ukuta wa sebule yake, umekandikwa kwa mkono, ndio mtindo wa sasa, na kwamba fundi wake wa urembo wa nyumba alihangaika miezi mizima kwenye simu kutafuta rangi ile. Kisha akalidondoshea maji ya chupa ili rangi iamke. Harufu ikapanda hadi kwangu: udongo wa kichuguu, jivu, na chini kabisa, kwa mbali, ng'ombe.

Nilimwambia asubiri likauke kwanza, kwa sababu udongo uliolowa hudanganya. Hakuwa na nafasi, mumewe alikuwa anamngoja ndani ya gari. Akachagua pazia la rangi ya chokoleti lifanane na lile tope mkononi mwake, na mimi nikamkatia. Nyumbani ukuta wake mkavu una rangi ya biskuti, na pazia litaning'inia pale kama doa la mchuzi, na sioni huruma hata kidogo. Watu wanaotafuta rangi ndani ya simu nawadharau, nasema wazi. Ila ninyi nitawaambia jambo ambalo yeye sikumwambia. Mtu ninayemdharau kuliko wote katika mambo ya kuta ana miaka kumi na mmoja, amevaa sare ya shule, na jina lake ni langu.

Tuliishi kambi ya polisi. Baba alikuwa koplo, Mlugbara, na mama Mwacholi. Kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumbani tulisema Kiswahili, kile cha kambini kisichojali ngeli wala wakubwa. Tulikuwa na chumba kimoja kirefu chenye pazia katikati, na kuta za serikali ambazo zamani zilikuwa na rangi ya maziwa. Plasta ilidondoka kwenye chakula. Majirani walibandika kalenda na kurasa za magazeti kuziba aibu hiyo. Mama yeye kila Desemba aliukandika upya ukuta mrefu unaotazama mlango, kama walivyofanya kwao.

Kazi yenyewe ilianza na mimi, na ndiyo maana niliichukia. Nilitumwa machinjioni na karai kuomba kinyesi cha ng'ombe, na njia ya kurudi ilipita chini ya ghorofa, ambako wasichana wa darasa letu waliegemea veranda wakaziba pua kwa pamoja kama kwaya. Udongo mwekundu mama aliuchimba mwenyewe kwenye kichuguu nyuma ya uwanja wa gwaride. Weupe ulitoka kwenye jivu. Weusi ulitoka kwenye betri kuukuu za redio ya baba, ambazo yeye alizianika juani zipate nguvu ya mwisho, na mama akawa anamvizia azipasue kwa jiwe. Waligombana kuhusu betri kuliko kitu kingine chochote.

Baada ya hapo ndipo mama alipofanya kile ambacho mimi nilikiita uvivu. Alipaka mistari ya udongo kwenye mkono wake, kuanzia kiwiko hadi kifundo, kila mstari mchanganyiko wake, akatoka nje kukaa juani miguu ameinyoosha, akingoja. Ukimwuliza anafanya nini, alikujibu kwamba udongo ya maji iko mwongo. Ikikauka aliiosha yote akaanza tena. Halafu aliingia ndani akakaa mbele ya ukuta mtupu, pengine siku nzima, chakula hakijapikwa, akiuangalia tu. Baba alisema mke wake anasoma gazeti lisilo na maandishi. Siku ya pili au ya tatu aliinuka, akachovya vidole vitatu, na hakusimama mpaka amefika mwisho wa ukuta.

Mwaka ninaousimulia alichora mistari mitatu mitatu iliyopanda, ikapinda, ikakutana kwenye kona ya juu karibu na dirisha. Alisema mama yake ndiye aliyemshika vidole kumfundisha mchoro ule, na kwamba pale kwenye kona ndipo penye ugumu, kwa sababu vidole havitakiwi kuinuliwa. Ukipitisha kiganja uliisikia mifereji yote, laini, mikavu. Hata harufu ilikuwa imekwisha. Mimi niliona mavi ukutani.

Macho yangu yalikuwa kwa Mama Afande, mke wa inspekta, aliyekaa kwenye nyumba ya peke yake karibu na lango. Sebule yake ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta, bluu ya bakuli la plastiki, kuanzia chini hadi kwenye dari, ikang'aa mpaka uliona meno yako. Makochi hayajavuliwa nailoni ya dukani, kwa hiyo ukikaa unateleza na ukiinuka unalia. Kila kitu kilikuwa na kitambaa cha kufuma juu yake: redio, televisheni, chupa ya chai, na nadhani hata paka angevishwa kama angetulia. Leo nikikumbuka sebule ile meno yananiuma. Wakati ule niliona kwamba watu wakifa wakiwa wema wanapelekwa pale.

Mama Afande aliniambia, akinipa soda na kuniita bibie kwa Kiganda, "Nyabo, mwambie mama yako hapa iko Kampala. Mavi ya ng'ombe inakaa kwa zizi." Nilicheka naye. Sikumwambia mama, lakini niliyaweka maneno hayo moyoni kama zawadi.

Januari ikaja habari kwamba bibi, mama yake mama, amefariki. Mama alipanda basi siku ileile. Alikaa huko majuma mawili, na katika majuma hayo Mama Afande alipaka upya baraza lake akabakiza nusu kopo. Nililiomba. Alinipa na brashi pia, iliyokakamaa, na akaniambia nikwangue kwanza.

Nilikwangua kwa kijiko na panga la baba. Nilidhani udongo utaanguka wenyewe, lakini ukuta ule ulikuwa mgumu, umekandikwa na mtu anayejua, na kazi ilinichukua siku mbili. Kona ya juu ndiyo iliyonisumbua zaidi, nikapandia kiti juu ya sanduku. Kisha nikapaka. Udongo uliobaki ulikunywa bluu ile kwa pupa, mahali pengine iking'aa, mahali pengine ikiwa na madoa ya kahawia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi sikuuacha tu mbachao, niliukwangua kwa panga. Baba alirudi zamu, akasimama mlangoni, akacheka kwa furaha, akasema sasa na sisi tuko na nyumba kama ya ofisa. Nimempa baba lawama kwa miaka mingi kwa sababu ya kicheko hicho, ila yeye hakushika kijiko.

Mama alirudi Jumamosi mchana. Alikuwa amenyolewa nywele, na kichwani alibeba furushi la kitenge. Wanawake wa kambi walikuwa wameshakaa kwenye mikeka nje kumngojea kwa pole. Aliwapita, akaingia, akasimama. Nilikuwa nimejipanga kando ya ukuta kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Mama, nimekupakia," nikasema.

Aliweka kiganja ukutani, juu, karibu na dirisha. Rangi ilikuwa bado inanata. Akakiacha pale kwa muda, kisha akakitoa, kimekuwa bluu chote.

"Iko mzuri," akasema. "Umefanya kazi mingi, mtoto yangu."

Akatoka kupokea pole. Sabuni haikuitoa rangi ile, na mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo alimwomboleza mama yake alasiri nzima akiwapa watu mkono wa bluu. Mama Afande alifika naye, akachungulia ndani, akasifu. Mimi nilitembea kati ya mikeka nikigawa chai, nimevimba kwa majivuno.

Wageni walipoondoka nililifungua furushi, nikitarajia simsim, ule ufuta wa kwao. Lilikuwa na udongo mwekundu, umechekechwa vizuri, hauna hata jiwe. Nilimwuliza ni wa nini. Alisema umetoka kwa mama yake. Nikauliza tena, wa kufanya nini, maana watu wengine wakienda kijijini wanarudi na karanga. Aliutazama ule udongo, akanitazama mimi.

"Ya kupanda kitunguu," akasema.

Akachukua lile karai la machinjioni, akaujaza humo, akapanda vitunguu kando ya mlango.

Mvua za Aprili zilipoanza na ukuta kuingia unyevu, bluu ilibabuka ikaondoka na udongo wote, mpaka tukarudi kwenye ile plasta ya serikali. Baba alileta chokaa. Mama hakukandika tena ukuta wowote, wala mimi sikujiuliza kwa nini. Nilidhani ameshakuwa mtu wa Kampala. Kwa miaka mingi, watu wakiniuliza nilianzaje mambo ya kupamba nyumba, niliwasimulia jinsi nilivyomfurahisha mama nikiwa darasa la tano, na nilisimulia kwa vicheko.

Mama mdogo ndiye aliyenifumbua macho, siku tuliyomzika mama mwenyewe, na wala hakukusudia. Alikuwa anakumbuka tu mazishi ya bibi, nani alidai nini. Mmoja alitaka chungu, mwingine shanga, wakakaribia kushikana mashati. Mama yangu aliomba jembe. Akateremka peke yake mpaka kwenye shimo ambamo bibi alichimba udongo wa kuta zake maisha yake yote, akachimba, akachekecha, akafunga furushi, akasema anaupeleka Kampala kuongezea ule ukuta wenye mchoro wa mama yao.

Vitunguu vile vilikubali sana. Tulivila na mayai, na nakumbuka nililalamika kwamba vina mchanga.