Fremu Iliyopwaya Mlangoni kwa Baba

Mchwa walikuwa wamemaliza fremu ya mlango wa mbele nyumbani kwetu Kirua Vunjo bila mtu kujua. Kwa nje ilikuwa na rangi yake ya kijani, imesimama vizuri tu, lakini mama alipoibonyeza kidole kilizama. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anapata kipaimara baada ya wiki tatu, na mama hakutaka wageni wamwagikiwe vumbi vichwani. Akanitumia ujumbe kwa jirani aliyekuwa akishusha ndizi mjini, nami Jumamosi nikapanda huko kwetu mlimani.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, naishi Soweto, mtaa wa huko mjini. Nasema hivyo mapema ili aibu yangu ieleweke.

Nilimkuta baba amesimama palepale mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeshika nini hicho?"

"Futi kamba. Nimekuja kupima mlango."

"Upime nini? Nyumba hii nimejenga mimi. Futi saba kwa tatu. Mwambie fundi hivyo."

"Lakini baba, ni lazima kupima."

"Wewe fundisha watoto hesabu. Nyumba niachie."

Hakusogea. Siku hizo maduka ya mjini yalikuwa yamejaa futi kamba za kila rangi kutoka nje, na yangu ilikuwa mpya, lakini haikunisaidia kitu. Nilipenyeza mkono chini ya kwapa lake, nikapima upana mara moja, katikati, ndani ya fremu ya zamani. Nikapima na urefu upande mmoja. Gari la kurudi mjini lilikuwa likipiga honi barabarani. Nikaandika tarakimu kiganjani na kukimbia.

Fundi seremala alitazama kiganja changu kwa muda.

"Mwalimu, hivi ni vipimo vya ndani ya fremu, au vya tundu la ukuta?"

"Ni vya mlango," nikajibu, kama mtu anayejua.

"Na unene wa ukuta?"

"Wa kawaida."

Hakuuliza tena. Mpaka leo nikikumbuka lile jibu la "wa kawaida" nasikia uso ukiwaka.

Wiki iliyofuata nilipandisha fremu kwa pikapu ya kuazima, kwenye tope la masika, tukisukuma mara mbili. Nikakuta baba ameshang'oa ile ya zamani na kuipasua kuni. Hakusubiri. Tukainua mpya, tukaiingiza. Ilipita bila kugusa popote! Pande zote mbili ungeweza kupitisha ngumi. Fundi alikuwa amehesabu kipimo changu kuwa cha nje, kwa hiyo fremu ilipungua unene wa mbao zake zote mbili.

Baba aliitazama, akanitazama mimi.

"Mwalimu wa hesabu," akasema, akaenda zake kwenye migomba.

Kwa siku nane nyumba haikuwa na mlango. Mama alitundika blanketi. Kuku wakahamia sebuleni, mmoja akataga juu ya kochi. Mbuzi wa jirani akala nusu ya kitambaa cha meza ambacho mama alikuwa amekifuma kwa ajili ya sherehe. Waliopita njiani walisalimia kutoka huko huko barabarani, macho yao yakiwa ndani kwetu.

"Nyinyi wawili mmenigeuzia nyumba kuwa banda," mama alisema. Hakuwa anatania.

Jumapili, baada ya misa, fundi alipanda mwenyewe. Alinipa ncha ya futi kamba nishike, akapima upana juu, katikati na chini. Akapima urefu kushoto na kulia. Akapima kona kwa kona, mshazari, mara mbili. Akapima unene wa ukuta, ambao haukuwa wa kawaida hata kidogo. Halafu akarudia juu, akakunja uso. Juu palikuwa pembamba kuliko chini kwa vidole vinne. Akateremsha timazi, ile kamba yenye uzito nchani: ukuta wa kushoto ulikuwa umeinama kuelekea mlangoni.

"Upande huu alijenga nani?"

Baba alikuwa anakwangua tope kwenye buti.

"Mimi," akasema hatimaye.

Ikatoka yote. Mwaka wa ujenzi fundi wake alikwenda msibani Kahe na hakurudi. Mvua zilikuwa karibu, mama ana mimba yangu. Baba akamalizia upande ule peke yake, kwa macho, bila timazi. Fremu ilipogoma akaichonga kwa panga mpaka ikaingia, akaficha kwa plasta, akapaka rangi. Hakumwambia mtu.

"Mimi nilijua," mama alisema. "Kila mwaka plasta inapasuka hapo hapo. Ulidhani nafikiri ni mchwa?"

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilikasirika zaidi.

"Baba, si ungesema tu?"

"Ili ucheke?"

Na kweli ningecheka.

Fundi alichukua kipimo kidogo kuliko vyote, kile cha juu, akatoa nafasi ya kidole kila upande, akasema penye uwazi tutajaza saruji. Miimo ya fremu yangu, zile mbao mbili za kusimama, aliitumia. Mbao ya juu akaibadilisha kwa ndefu zaidi, na pembeni akaongeza vipande kufikia unene wa ukuta. Alhamisi ikasimikwa, imenyooka. Upande wa kushoto saruji ilionekana, nene chini na nyembamba juu.

Kipaimara kilikuwa Jumamosi na mama hakuamini kwamba saruji ile imekauka. Akaweka benchi mlangoni, wageni wote wakaingilia jikoni, wakiruka masufuria ya mtori wa ndizi. Na baba? Baba alisimama nje siku nzima, kikombe cha pombe ya mbege mkononi, akiwaeleza wageni mmoja mmoja kwamba mlango hupimwa juu, katikati na chini, na kwamba vijana wa siku hizi hupima mara moja na kukimbilia gari. Nilikuwa dirishani nakuna nazi. Nilisikia kila neno.